Kondo la nyuma lina jinsia: sukari ya mama, mtoto wa kiume na mtoto wa kike

Swali

Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Tanga, mimba yangu ya pili ina wiki 30. Wa kwanza ni binti, alizaliwa na kilo 4.1. Safari hii, wiki ya 27, nilipimwa kwa kunyweshwa glukosi. Majibu yalikuwa 5.4 kabla ya kunywa na 9.0 baada ya saa mbili, nikaambiwa nina kisukari cha mimba. Ultrasaundi imeonyesha mtoto ni wa kiume na kondo la nyuma ni nene. Mama mkwe anasema watoto wa kiume ndio wanaoleta sukari kwa sababu wanakula sana tumboni. Rafiki yangu muuguzi naye amesoma kwamba kondo la mtoto wa kiume huathirika na sukari kuliko la mtoto wa kike. Ni kweli? Mwanangu yuko hatarini? Nifanye nini tofauti na nilivyofanya kwa dada yake? Na la mwisho: kwetu kondo huzikwa nyumbani. Lenye sukari lina tatizo lolote?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera pia.

Nianze na lililo kubwa usije ukasoma huku moyo unakwenda mbio. Ndiyo, kondo la mtoto wa kiume na la mtoto wa kike hayapokei sukari ya mama kwa namna moja, na kwa wastani la kiume ndilo linaloelemewa zaidi. Lakini tofauti hiyo ni ndogo mno ukiiweka kando ya tofauti iliyopo kati ya sukari iliyodhibitiwa na sukari iliyoachwa. Jinsia ya mwanao huwezi kuibadili. Sukari unaweza, na una wiki tisa au kumi za kufanya hivyo.

Mimi ni daktari wa patholojia. Kwa miaka mingi nimeletewa makondo kutoka vyumba vya kujifungulia, niyapime uzito, niyakate vipande, niyatazame kwa hadubini, kisha nimwandikie daktari wa wodini nilichokiona. Kondo la mimba iliyotimia lina uzito wa gramu 500 hivi, upana wa sentimita 20, unene wa sentimita mbili hadi tatu. Upande wa mtoto linang'aa, na mishipa imetapakaa kutoka kwenye kiungamwana, yaani uzi wa kitovu, kama mizizi ya mkoko. Ndani yake kuna vijitawi visivyohesabika, vinavyoelea katika damu ya mama kama mwani unavyoelea majini huko kwenu. Vikikunjuliwa vyote, ngozi yake ingetandaa mita za mraba 12 hivi, yaani chumba kizima cha kulala. Damu ya mama haichanganyiki na ya mtoto. Kila kitu, oksijeni, sukari, chumvi, hata uchafu unaorudi, hupita kwenye ngozi ile ya vijitawi.

Sasa, kondo ni la nani? Wengi hudhani ni kiungo cha mama, kitu kama mkeka aliomtandikia mtoto. Sivyo. Siku ya tano hivi baada ya mimba kutungwa, kile kijidonge cha seli hujigawa: seli za ndani zitakuwa mtoto, za nje zitakuwa kondo. Zote zimetoka kwenye yai lile lile lililorutubishwa. Mtoto akiwa na kromosomu X na Y, kondo lake nalo lina X na Y. Akiwa na X mbili, nalo lina X mbili. Mama anachangia tabaka jembamba la upande wake na damu inayoviogesha vile vijitawi. Kwa Wabaganda kondo lilihesabiwa kuwa pacha wa mtoto. Kila nikikumbuka hilo huwaza kwamba wazee wale walilifikia jambo ambalo vitabu vya udaktari vilichelewa kulizingatia, maana kwa miongo mingi watafiti walichanganya makondo ya wavulana na ya wasichana kwenye fungu moja, wakatafuta wastani, wakashangaa mbona majibu hayaelewani.

Jinsia ya kondo huonekana mapema. Ile homoni inayosomwa na kipimo cha mimba cha mkojo hutolewa na kondo, na kwa wastani huwa juu zaidi kwa mama aliyebeba binti, tangu wiki za mwanzo kabisa. (Usijaribu kutabiri kwa hiyo. Viwango vya wanawake hupishana mno.) Lakini tofauti inayotuhusu leo ni ya ukuaji. Mwaka 2010 watafiti David Barker na Johan Eriksson na wenzao, wakitumia kumbukumbu za watu waliozaliwa Helsinki, Finland, kati ya 1934 na 1944, walionyesha kwamba mvulana hukua haraka kuliko msichana huku kondo lake likiwa dogo kwa kulinganisha na mwili wake. Kila gramu ya kondo lake inalisha mwili mkubwa zaidi. Ni kama dau linalopakia hadi maji yafike ukingoni: safari inakwenda vizuri, tena kwa faida, bahari ikiwa shwari. Dau la msichana limebaki na nafasi.

Bahari ikichafuka ndipo tofauti inapoonekana. Vicki Clifton, mtafiti wa Australia, aliwafuatilia wajawazito wenye pumu. Waliobeba wasichana, watoto walipunguza kasi ya kukua kidogo, kana kwamba wameweka akiba. Waliobeba wavulana, watoto waliendelea kukua kama hakuna kilichotokea. Lakini mama akipatwa na shambulio jingine la ghafla, wavulana ndio walioathirika zaidi, kwa kuwa hapakuwa na akiba. Kwa mimba zote kwa jumla, ukikusanya takwimu za nchi nyingi, mtoto wa kiume ana uwezekano wa kufia tumboni ulio juu kwa takriban asilimia 10 kuliko wa kike. Ongezeko hilo ni juu ya hatari ambayo yenyewe ni ndogo, kwa hiyo lichukulie kama sababu ya kuwa macho tu. Usikose usingizi kwa ajili yake.

Hiyo ndiyo hali kabla sukari haijaingia.

Sukari ya mimba inaanzaje? Katika nusu ya pili ya mimba, kondo hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiisikie vizuri insulini yake, ili sukari ikae kwenye damu muda wa kutosha imfikie mtoto. Huu ni mpango wa kila mimba. Kongosho la mama hujibu kwa kutoa insulini mara mbili ya kawaida au zaidi. Kongosho lisipofika kiwango hicho, sukari hupanda, na hapo ndipo tunaposema kisukari cha mimba. Kwa hiyo mama mkwe wako ana nusu ya haki: homoni hizo zinatoka kwenye kondo, na kondo ni la mtoto. Tena Ravi Retnakaran na wenzake wa Toronto, waliokusanya data za wanawake wengi sana, waliona kwamba waliobeba wavulana hupata kisukari cha mimba zaidi kidogo kuliko waliobeba wasichana. Zaidi kidogo, asilimia chache tu. Nusu nyingine ya haki ni ya kongosho lako, na hilo lilikuwa dhaifu kabla mwanao hajatungwa. Nitalirudia tukifika kwa binti yako.

Mtoto hufikiwa namna hii. Glukosi hupita kwenye kondo kwa kufuata mteremko: ikijaa kwa mama, itajaa kwa mtoto. Insulini ya mama haipiti. Kwa hiyo kongosho changa la mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi, na huko tumboni insulini ni homoni ya kukuza. Ndiyo inayomjaza mtoto mafuta mabegani na tumboni. Daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen aliyaeleza haya katika miaka ya 1950, na hadi leo maelezo yake ndiyo msingi tunaousimamia.

Kisichosemwa sana ni kwamba insulini hiyo ya mtoto inaliamuru na kondo pia. Gernot Desoye wa Graz, Austria, aliyelichunguza kondo la wenye kisukari kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mwanzoni mwa mimba vipokezi vya insulini viko upande wa kondo unaoelekea damu ya mama. Mwishoni mwa mimba vingi vimehamia upande wa mtoto, kwenye kuta za mishipa yake. Yaani uongozi unabadilika. Miezi ya mwanzo kondo linamsikiliza mama, miezi ya mwisho linamsikiliza mtoto. Naona hapa ndipo penye ufunguo wa swali lako. Kama mwongozaji wa mwisho ni mtoto, lazima iwe na maana mtoto huyo ni nani.

Nikueleze ninachokiona mezani kondo la namna hii likifika. Mara nyingi ni zito, gramu 650, 700, au zaidi. Ni nene, limelowa, na kiungamwana chake kimenona. Ukilitazama utadhani ni kondo lenye afya kupita yote. Ukiliweka chini ya hadubini unaona shida. Katika kondo lililokomaa, mishipa midogo ya mtoto husogea hadi ukingoni mwa kijitawi, ikajibandika kwenye ngozi, na ukuta kati yake na damu ya mama ukabaki mwembamba wa sehemu moja au mbili tu za elfu ya milimita. Hapo oksijeni inaruka kidogo tu imefika. Katika kondo la sukari, vijitawi vingi vimebaki vikubwa, vichanga, mishipa ikiwa katikati, mbali na ngozi. Oksijeni inatembea safari ndefu. Na mtoto mwenye insulini nyingi anaunguza chakula kwa wingi, kwa hiyo anadai oksijeni zaidi, wakati njia ndiyo hiyo imerefuka. Mwili wake unajibu kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu nyingi, na kondo linajibu kwa kuotesha mishipa mipya. Tuna kanuni ya kuhesabu, iliyowekwa na Geoffrey Altshuler mwaka 1984: vijitawi 10, kila kimoja na mishipa 10 au zaidi, katika maeneo 10. Nikiipata, najua kondo hilo lilikuwa likihangaika. Kondo kubwa, basi, si dalili kwamba mtoto alikuwa na raha. Mara nyingi ni deni lililokuwa likilipwa kimya kimya.

Niongeze kwamba haya ni ya kisukari kilichoanza mimbani. Mwanamke aliyekuwa na kisukari miaka mingi kabla ya kushika mimba, hasa mishipa yake ikiwa imeshaumia, anaweza kuwa na kondo dogo lenye sehemu zilizokufa, na mtoto mdogo. Hapo sukari ilianza kuharibu kazi tangu vijitawi vinachipua. Hiyo si hali yako.

Sasa tuyaweke pamoja, jinsia na sukari. Utafiti mkubwa wa Hispania uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba hali ya sukari ya mama iliongeza uwezekano wa mtoto kuwa mkubwa kupita kiasi kwa wavulana, na kwa wasichana uhusiano huo haukuonekana. Mvulana akipelekewa sukari anakua nayo. Msichana kana kwamba anaikataa sehemu. Maelezo mojawapo yanayoniridhisha yanatokana na damu ya kiungamwana: wasichana huzaliwa na insulini nyingi kuliko wavulana, na bado ni wepesi kwa uzito. Maana yake miili yao kwa asili haiisikii insulini kwa nguvu ile. Terence Wilkin wa Plymouth, Uingereza, ameliandikia jambo hili tangu mwaka 2006. Chukua mvulana mwenye mwili unaoitikia insulini upesi, kondo lake halina akiba, halafu mwongezee sukari: mahitaji ya oksijeni yanapanda pale pale ambapo nafasi ilishakuwa finyu.

Kuna sababu nyingine iliyo ndani zaidi, kwenye kromosomu X. Msichana ana X mbili, na katika kila seli moja hunyamazishwa ili zisifanye kazi maradufu. Ila jeni chache hugoma kunyamazishwa, na mojawapo katika kondo ni ile inayotengeneza kimeng'enya kiitwacho OGT. Kazi yake ni kuchukua kipande kinachotokana na glukosi na kukibandika kwenye protini za seli, kama karani anayegonga mihuri kulingana na mzigo ulioingia. Kwa njia hiyo seli hujua chakula ni kingi au ni haba, ikawasha jeni hizi na kuzima zile. Kondo la msichana lina OGT zaidi. Tracy Bale na wenzake, wakifanya kazi na panya huko Marekani, walionyesha kwamba mama akipatwa na msongo mwanzoni mwa mimba kimeng'enya hiki hushuka, na kondo la dume ambalo lilikuwa na kidogo tangu awali ndilo linaloumia. Kwangu hili ni zuri kulifahamu, kwa sababu linaonyesha kwamba kipimo chenyewe cha kupimia sukari ndani ya seli za kondo hakilingani kati ya jinsia mbili. Huko Oregon, Leslie Myatt na wenzake nao wamelichunguza kondo la akina mama wanene na wenye kisukari, wakaona hata mitokondria, yale majiko ya seli, hayabadiliki sawasawa kwa wavulana na wasichana.

Hata hivyo usinielewe vibaya. Yote haya ni ya wastani. Ukinifichia kadi ukaniwekea vipande viwili chini ya hadubini, kimoja cha mvulana na kimoja cha msichana, siwezi kukwambia kipi ni cha nani. Nimeona makondo ya wasichana yaliyochoka vibaya na ya wavulana yaliyo safi kabisa, na mara nyingi kilichoyatenganisha kilikuwa daftari la sukari la mama. Tafiti zenyewe hupingana pia, kwa kuwa nyingi ni ndogo, nyingine zimechanganya wanawake waliotumia insulini na waliodhibiti kwa chakula, wanene na wembamba, waliojifungua kwa uchungu na waliopasuliwa, wakati uchungu wenyewe hubadilisha kondo. Ukisoma mahali kichwa cha habari kinachosema kondo la mvulana "huharibiwa" na kisukari, punguza nusu ya sauti yake.

Nije kwako wewe. Vipimo vyako, 5.4 na 9.0, vinavuka mipaka ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2013, yaani 5.1 kabla ya kunywa na 8.5 baada ya saa mbili. Vimevuka kidogo. Mipaka hiyo ilitokana na utafiti mkubwa wa nchi 9 uliochapishwa mwaka 2008, ambao ulionyesha kwamba hatari haina kizingiti cha ghafla. Inapanda polepole sukari inavyopanda, na kwa hiyo inashuka polepole ukiishusha. Kila kipimo kizuri unachokipata kina faida hata kama cha jana kilikuwa kibaya.

Kuhusu unene wa kondo, usiridhike na jibu la "ni sukari tu". Kondo huwa nene pia kwa upungufu mkubwa wa damu, kwa kaswende, na kwa sababu nyingine zinazomhusu mtoto mwenyewe. Malaria nayo hujificha ndani ya kondo mama akiwa hana hata homa. Angalia kwenye kadi yako: umepimwa damu na kaswende mimba hii? Umemeza dozi za SP, dawa ya kuzuia malaria, unazopewa kliniki? Kama pana nafasi tupu, nenda ujaze wiki hii. Muulize pia aliyekupima unene huo ni sentimita ngapi, maana "nene" bila namba halinisaidii mimi wala daktari wako. Ukizidi sentimita nne au tano ndipo tunaposhughulika.

Halafu binti yako. Kilo 4.1 ni mtoto mkubwa. Katika mimba ile ulinyweshwa glukosi, au mkojo tu ndio uliochovywa kijiti? Kijiti cha mkojo huwakosa wengi wenye kisukari cha mimba. Nashuku sukari ilikuwapo tangu kwa dada yake, ila huenda hakuna aliyeitafuta, na wanawake waliowahi kuipata karibu nusu huipata tena. Kwa hiyo mwambie mama mkwe, kwa adabu zote, kwamba mjukuu wake wa kiume hakuileta. Ameikuta. Na hapa kuna jambo la kukuhusu wewe zaidi kuliko yeye. Retnakaran aliona pia kwamba mwanamke aliyepata kisukari cha mimba akiwa na binti tumboni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha kudumu baadaye kuliko aliyekipata akiwa na mvulana. Tafsiri yake ni kwamba binti hamsukumi mama sana. Ukianguka bila kusukumwa, udhaifu ulikuwa wako. Ndiyo maana nitakusisitizia kile kipimo cha baada ya kujifungua.

Ufanye nini tofauti? Matibabu hayabadiliki kwa sababu mtoto ni wa kiume. Sukari kabla ya kula asubuhi iwe chini ya 5.3, saa moja baada ya kula chini ya 7.8, au saa mbili baada ya kula chini ya 6.7. Stripu ni ghali, najua. Kama huwezi kupima mara nne kwa siku, pima kila asubuhi kabla ya kula, na zungusha kile kimoja cha pili: leo baada ya chai, kesho baada ya mchana, keshokutwa baada ya usiku. Baada ya siku chache utaona mlo upi unakuangusha. Kwa wengi ni wa asubuhi, kwa sababu saa hizo homoni zinazoipinga insulini ziko juu. Chai ya sukari na maandazi au vitumbua ndiyo sahani mbaya kuliko zote kwako sasa. Badili: yai, maharage, kipande kidogo cha kiazi kitamu au cha mkate wa unga usiokobolewa, chai bila sukari. Mchana wali au ugali uwe robo ya sahani, robo nyingine samaki, na nusu yote mchicha, kisamvu, bamia au kabichi. Embe usilile baada ya wali, lile peke yake jioni, tena nusu tu. Tembea dakika 15 kila baada ya kula, hata kama ni kuzunguka nyumba. Usijinyime hadi njaa kwa kudhani utamzuia mtoto kukua. Mtoto anahitaji chakula, anachopaswa kuepushwa ni mafuriko.

Ikifika wiki moja au mbili vipimo bado viko juu, kubali dawa. Wengi wanaogopa sindano ya insulini na kuona kidonge cha metformini ni kipole. Kwa upande wa kondo ni kinyume: metformini inapita hadi kwa mtoto, insulini haipiti. Zote mbili hutumika na daktari atachagua, lakini sindano usiikatae kwa ajili ya kumwogopea mwanao. Na kazi hii inalipa: Australia, mwaka 2005, wanawake 1,000 wenye kisukari chepesi cha mimba kama chako waligawanywa makundi mawili, na waliotibiwa matatizo makubwa ya watoto wao yalishuka kutoka asilimia 4 hadi 1.

Penye kuongeza uangalifu kwa sababu ni mvulana ni pawili. La kwanza ni kucheza kwake. Kuanzia sasa ijue tabia yake, saa zake za kucheza na nguvu yake. Akipungua, usingoje kesho, usinywe soda baridi ya kumwamsha, wala usikubali kuambiwa watoto wa kiume ni wavivu au mtoto hutulia mimba ikikua. Nenda kituoni siku ile ile, hata kama ni usiku. La pili ni mapafu na tarehe ya kujifungua. Insulini nyingi huchelewesha kukomaa kwa mapafu, homoni za kiume nazo huchelewesha, kwa hiyo mvulana wa mama mwenye sukari akitolewa mapema bila sababu ya msingi ndiye anayehema kwa shida zaidi. Kama sukari yako itadhibitiwa kwa chakula peke yake na mtoto anaendelea vizuri, unaweza kungoja hadi wiki 40 na siku chache, ila usipite 40 na siku 6. Ukitumia dawa na vipimo ni vizuri, wiki ya 39. Atakayekuharakisha mapema zaidi akupe sababu, na sababu zipo: shinikizo la damu, mtoto kupunguza kucheza, sukari iliyogoma. Jifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji, kwa kuwa wa kwanza alikuwa mkubwa na bega la huyu linaweza kukwama. Akizaliwa, anyonye ndani ya saa ya kwanza na apimwe sukari, maana kongosho lake litaendelea kumwaga insulini baada ya mlango wa sukari kufungwa, na sukari huwashuka wavulana zaidi ya wasichana.

Wewe mwenyewe rudi unyweshwe glukosi tena kati ya wiki 6 na 12 baada ya kujifungua, halafu upime angalau kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Akina mama wengi hupeleka mtoto chanjo wakasahau miili yao. Fanya siku ya chanjo iwe siku yako pia.

Na kondo, mwanangu, zikeni kama mlivyozoea. Sukari haiambukizi udongo wala mtu. Mwambieni tu anayelichimbia avae glavu na shimo liwe refu, kama kwa kondo lolote. Ila kabla halijatoka chumba cha kujifungulia, nina ombi: mkunga alipime uzito, aandike namba hiyo kwenye kadi kando ya uzito wa mtoto. Kwa kawaida mtoto huwa mara sita hivi ya kondo lake. Kama ni zito sana au jepesi sana, au mtoto ametoka na shida yoyote, omba kipande kiletwe maabara kwa watu kama mimi, na kilichobaki mpewe mkazike.